Kilichoharibika na Kilichohiliki: Habari za Mweya, Katwe na Kilembe

Katika njia itokayo rasi ya Mweya kwenda mji mdogo wa Katwe, magharibi mwa Uganda, baada ya kuyapita mashimo ya milima ya moto ya kale, ambayo baadhi yake leo yamejaa nyasi na mengine maji, msafiri huona ukingoni mwa ziwa la chumvi magofu ya kiwanda kikubwa, nguzo zake zimeliwa hata zikawa nyembamba, mapipa yake yametoboka, na mabomba yake yamepasuka na kumwaga unga mwekundu wa kutu juu ya saruji. Kiwanda hicho kilijengwa na kampuni ya Kijerumani katika miaka ya 1970, kwa azma ya kuivuna na kuisafisha chumvi ya Katwe kwa mitambo, nacho hakikupata kuitumikia nchi ila kwa muda mfupi, kisha kikasimama kisiondoke tena. Chini yake, katika ziwa lile lile, watu wangali wanavuna chumvi kwa mikono na miguu yao kama walivyovuna babu zao, wala hakuna anayetazamia tena kwamba mitambo ile itanguruma.

Kiwanda hicho kinaleta swali ambalo wilaya ya Kasese, kuliko nchi nyingi nizijuazo, imelijibu kwa mifano iliyo wazi: ni kwa alama gani mtu hujua kwamba kitu kimeharibika tu, na kwa alama gani hujua kwamba kimehiliki? Wazee wa pwani walizipambanua hali hizo mbili. Jahazi lililopasuka ubao waliliita bovu, wakalipandisha pwani, wakalitia kalafati, na msimu uliofuata likarudi baharini. Bali lile lililotupwa mwambani na mawimbi yakazitawanya mbao zake ndilo walilosema limehiliki, na wenye shehena wakakaa matanga ya mali yao. Huko Bwera, ambako Kiswahili huvuka daraja la Mpondwe, mpakani mwa Kongo, pamoja na vitenge, samaki na maharage, neno hilo la pwani halisikiki sana, lakini maana yake inajulikana sana na mafundi. Fundi wa baiskeli akiletewa fremu iliyokatika haitazami kwanza mahali ilipokatika. Huigonga kwa spana kuanzia kichwani mpaka penye kiti, akatega sikio, kwa kuwa chuma kizima hulia na chuma kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti iliyoziba. Fremu iliyokatika vipande viwili huichomelea, ikachukua gunia tena. Lakini iliyoliwa na kutu kwa ndani huirudisha hata kama kwa nje haina tundu, maana moto wa kuchomelea haupati chuma cha kukiunganisha, na mwenyewe hushauriwa aipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baiskeli zilizobeba chumvi ya Katwe kwa miaka mingi ndizo ziletwazo mara kwa mara zikiwa na ugonjwa huo. Hukumu ya fundi, basi, haitokani na ukubwa wa jeraha, bali na mahali alipo adui, kama yuko nje ya kitu akaweza kuondolewa, au yumo ndani yake.

Na chumvi ni adui wa chuma tangu zamani, jambo lililojulikana Katwe kabla ya mhandisi yeyote kufika. Ziwa la Katwe limo katika kinywa cha mlima wa moto uliozimika, na maji yake hayana pa kutokea. Chemchemi zinazobubujika kandokando huyaletea chumvi na magadi, jua huyavukiza, na kinachobaki huwa kizito hata mtu akioga humo huelea. Kwa ajili ya ziwa hili wafalme walipigana. Katika karne ya kumi na tisa Bunyoro ilishika njia za chumvi hiyo, iliyopelekwa kwa mitumbwi na vichwani mwa wachukuzi hadi nchi za mbali pande zote za maziwa, ikibadilishwa kwa chuma, vyakula na mifugo. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, alipopita huku na askari wake, aliwaondoa watu wa Kabarega, mfalme wa Bunyoro, akajenga ngome Katwe akaiita Fort George, na katika safari hiyo hiyo akamrejesha Kasagama katika kiti cha ufalme wa Tooro. Kapteni yule hakuijia mandhari. Aliijua thamani ya mali iliyomo, na ya kwamba aliyeshika chumvi amezishika nyumba zote zinazopika.

Mbinu ya uvunaji ni ya kale na yenye hekima. Pembezoni mwa ziwa yamechimbwa majaruba ya tope, kila jaruba limezungushiwa ukuta wa udongo ulioshikizwa kwa miti na nyasi, na kila moja lina mwenyewe, aliyelirithi kwa mzazi au kulikodi kwa aliyerithi. Wakati wa kiangazi mwenye jaruba huingiza maji ya ziwa kwa kiasi anachokijua yeye, akayaacha juani. Baada ya siku kadhaa utando mweupe huonekana juu, huzamishwa kwa kunyunyiziwa maji ili mwingine upate kufanyika, na mwisho chumvi hukombwa kwa mikono chini ya maji, ikasuuzwa na kurundikwa. Wanaume huingia ziwani penyewe hadi kiunoni, wakapasua sakafu ya mwamba wa chumvi, wakavuta mabonge juu ya vyelezo vya miti mipesi. Chumvi hiyo ya mawe aghalabu huenda kwa mifugo. Kazi ni ngumu, huchoma ngozi na kutonesha kila kidonda, na sina nia ya kuipamba. Lakini tazama vyombo vyake: udongo, mti, nyasi, mkono. Mvua ikibomoa ukuta wa jaruba, mwenyewe huujenga upya kwa tope lile lile lililoanguka. Hapana hata kimoja kati ya vyombo hivyo ambacho chumvi ina nguvu ya kukila kabla mwanadamu hajakitengeneza.

Kiwanda kilikuja na mabomba. Maji ya ziwa yalikusudiwa kuvutwa, kupashwa moto ndani ya mirija ya chuma na kuvukizwa, hata chumvi itoke safi na kavu ijazwe magunia. Na maji ya Katwe, ambayo hayana chumvi ya chakula pekee bali mchanganyiko wa magadi na chumvi nyingine kali, yaliila mirija ile upesi kuliko alivyoweza mtu kuibadilisha. Wako watu wanaosema kiwanda kiliuawa na machafuko ya siasa ya miaka ile, na kweli vita na upungufu wa fedha haviwezi kusahauliwa. Lakini hata katika amani kamili, mtambo ambao kila saa ya kazi yake ni saa ya kuliwa kwake, na ambao malighafi yake ndiyo sumu yake, ulikuwa umebeba hatima yake siku ya kwanza. Naona haya kuukosoa ufundi nisioweza kuufanya mwenyewe. Lakini wenye majaruba walikuwapo, na walijua kwa nini hawakutumia chuma.

Sasa tugeuke tuitazame Mweya, ambako hukumu ilikaribia kutolewa kinyume cha haki. Rasi hiyo iko mahali ambapo mfereji wa Kazinga, baada ya kuyachukua maji ya Ziwa George kwa mwendo wa takriban kilomita 32, huyamimina katika Ziwa Edward. Nchi yote hii ilipata misiba mfululizo: sotoka ya miaka ya 1890 iliwamaliza ng'ombe wa wafugaji, kisha malale yakaingia mwanzoni mwa karne ya ishirini, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka mwambao wa maziwa. Palipokuwa na watu pakawa pori, na mwaka 1952 pori hilo likafanywa hifadhi ya taifa kwa jina la Kazinga, likabadilishwa jina mwaka 1954 baada ya Malkia Elizabeth wa Pili kuzuru Uganda. Basongora waliolisha mifugo yao katika mbuga hizo, na ambao wana jina la kila kijito na kila kilima humo, hawakuacha kusema kwamba nchi iliyoitwa tupu ilikuwa nchi iliyotolewa watu wake. Na msomaji hana budi kulikumbuka neno lao kila asikiapo habari za uzuri wa hifadhi hiyo.

Viboko, waliopata hifadhi wasipate adui, walizaana kupita kiasi. Kiboko hushinda majini mchana kutwa, na usiku hupanda nchi kavu kula. Haling'oi jani kwa meno ya mbele kama mbuzi bali hulikwanyua kwa midomo yake mipana, akaliacha likiwa fupi kama lililonyolewa, na kila mmoja hula makumi ya kilo za majani kwa usiku mmoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 ukingo wa maziwa na mfereji ulikuwa umekwanguka. Udongo ulionekana wazi kama uwanja wa soko, mvua zilichora makorongo, vichaka vya miba vilishika mahali pa nyasi, na njia za viboko zilizokanyagwa kila usiku zikageuka mifereji ya kuchukua udongo kuupeleka ziwani. Waliofika Mweya wakati ule na kuiona rasi hiyo walikuwa na kila sababu ya kusema imekwisha.

Wataalamu wawili wa Kimarekani, George Petrides na Wendell Swank, waliochunguza mambo hayo mwaka 1956 na 1957, hawakusema hivyo. Walisema kwamba ugonjwa una chanzo kimoja na chanzo hicho kina miguu minne. Shauri likawa kupunguza viboko kwa bunduki, ndani ya mahali palipotangazwa kuwa salama kwa wanyama, jambo lililowatatiza watu wengi na ambalo hata leo haliniingii moyoni kwa wepesi. Katika rasi ya Mweya waliondolewa wote, wapatao 90, na katika miaka iliyofuata, mpaka katikati ya miaka ya 1960, waliuawa katika hifadhi nzima maelfu, wapatao 7,000, nyama ikauzwa kwa wenyeji. Mwaka 1961 kikaanzishwa Mweya kituo cha utafiti cha Nuffield, chini ya Richard Laws, na walio humo wakapata kuhesabu mwaka baada ya mwaka kilichotokea. Nyasi zilirudi. Zilirudi mahali palipoonekana kuwa vumbi, zikafunika makorongo, na pamoja nazo wakaongezeka nyati na kuro waliokuwa wamekosa malisho. Mbegu na mizizi vilikuwamo ardhini muda wote, na udongo, ingawa ulipungua, haukuwa umegeuka kitu kingine.

Mambo ya ndovu yalifuata mkondo huo huo, ingawa kwa ukatili uliozidi. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin na vita vilivyomwondoa, askari na majangili waliwaua kwa ajili ya pembe hata hesabu ya mwaka 1980 ikapata ndovu wapatao 150 tu katika hifadhi iliyokuwa na maelfu. Waliobaki walijikusanya makundi makubwa kwa hofu. Amani iliporejea walizaana, na wengine wakarudi kutoka upande wa Kongo, na leo wanahesabiwa tena kwa maelfu. Risasi ilipokoma, uharibifu ulikoma. Hakuna aliyelazimika kumtengeneza ndovu.

Lakini ukitoka Mweya kwenda kaskazini, ukafika Kasese chini ya milima ya Rwenzori, utakuta habari nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Shaba ya Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, ilijulikana tangu mapema katika karne iliyopita, lakini bonde liko mbali na bahari na shaba ni nzito, kwa hiyo ilingoja. Mwaka 1950 iliundwa kampuni ya Kilembe Mines kwa mtaji wa Kikanada. Bwawa la Owen Falls huko Jinja likafunguliwa mwaka 1954 na kutoa umeme wa kuyeyushia. Na mwaka 1956 reli kutoka Kampala ikafika Kasese. Mji wa Kasese ni mtoto wa reli hiyo. Mwamba ulipasuliwa mlimani, ukasagwa, shaba ikatengwa na mawe, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, kisha Mombasa na ng'ambo. Na katika miaka ya 1960 ikawa ya tatu katika mauzo ya nje ya Uganda, baada ya kahawa na pamba. Maelfu ya watu walipata riziki humo. Watoto walisoma, hospitali ilijengwa, mpira ukachezwa, na wazee waliofanya kazi Kilembe husimulia siku hizo kwa fahari ambayo ni haki yao kamili.

Shaba, hata hivyo, haikutoka mlimani peke yake. Ilitoka na pairiti, madini ya chuma na salfa yang'aayo kama dhahabu bandia, na ndani ya pairiti ya Kilembe mna kobalti, ambayo wakati huo haikuwa na njia ya faida ya kuitoa. Kwa kutumaini siku za mbele, pairiti hiyo ikarundikwa Kasese mahali pa wazi, mwaka hata mwaka, mpaka lundo likafika kadiri ya tani milioni moja. Lilikuwa akiba, na katika vitabu vya hesabu akiba ni mali. Siasa ikageuka, Wakanada wakaondoka katika miaka ya 1970, vipuri vikaadimika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukakoma kabisa. Lundo likabaki.

Pairiti ikiwa ndani ya mwamba, penye giza na pasipo hewa, haina madhara. Ikisagwa ikawekwa juani na mvuani, hewa na maji huifungua: salfa yake hugeuka tindikali kali, chuma chake hugeuka matope ya rangi ya manjano na kutu, na bakteria wapendao hali hiyo huiharakisha kazi mara nyingi. Tindikali hiyo nayo huyeyusha shaba, kobalti na metali nyingine zilizosalia, na mvua huzichukua. Kutoka lundo la Kasese mvua zilizichukua mashariki, zikaingia katika hifadhi na kuelekea Ziwa George, na kila zilipopita majani yalikufa. Ukanda mrefu wa nchi ukawa mtupu, ardhi ina magaga ya rangi ya machungwa na nyeupe, hapana mchwa, hapana panzi, miti iliyokauka imesimama bila gome. Mtu akisimama mpakani mwa ukanda huo huona nyasi za kawaida zikiishia kama zilizokatwa kwa kamba. Hakuna kiboko aliyekula hapo, wala bunduki ya kumwondoa mharibifu haipo, kwa kuwa mharibifu ni udongo wenyewe uliochanganyika na pairiti na ambao kila mvua huufanya uzae tindikali mpya.

Katika habari hii liko jambo la ajabu ambalo ni haki lielezwe. Kampuni ya Kasese Cobalt, iliyoanza kuzalisha mwaka 1999, ililitwaa lile lundo na kulitia kidogo kidogo katika matangi makubwa pamoja na bakteria wa jamii ile ile inayoiharibu ardhi, ili wafanye ndani ya chombo, chini ya ulinzi, kile walichokuwa wakifanya nje bila mlinzi. Kobalti ikatolewa, tindikali ikatulizwa kwa chokaa, na mabaki yakahifadhiwa. Mwongo wa pili wa karne hii ulipoanza kusonga lundo lilikuwa limekwisha na kazi ikasimama. Kwa hiyo chanzo kiliondolewa, kama viboko walivyoondolewa Mweya. Kando za ukanda ule, mahali ambapo sumu ni haba, nyasi ngumu zimeanza kurudi, na chokaa ikitiwa huzisaidia. Lakini katikati, ambako pairiti ilijikita ndani ya udongo, kuondoka kwa lundo hakukutosha, na mvua za kila mwaka hazioshi bali huzalisha. Hapo, nikijiuliza kwa kipimo cha fundi wa Bwera, nasikia sauti iliyoziba.

Hata hivyo hatari iliyo kubwa zaidi leo haiko katika ukanda uliokwisha kufa, bali bondeni Kilembe, ambako mabaki ya miaka zaidi ya 20 ya usagaji yamelazwa kandokando ya Nyamwamba, mengine hatua chache kutoka nyumba za watu na mashamba ya muhogo. Nyamwamba ni mto mfupi wenye hasira, unaoshuka kutoka vilele vya juu sana kwa mwinuko mkali. Mwezi Mei 2013 ulifurika, ukazoa nyumba, madaraja na sehemu za hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukafurika tena, na hospitali hiyo ikaharibiwa kiasi cha wagonjwa kuhamishwa. Kila furiko hukata kingo za marundo na kuyachukua mabaki hayo hadi mashambani na kuelekea Ziwa George, ziwa ambalo kina chake kwa wastani hakizidi sana mita mbili, lililo na vijiji vya wavuvi, na ambalo mwaka 1988 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, la kwanza katika Uganda nzima. Maji ya Ziwa George hayana njia nyingine ya kutoka ila mfereji wa Kazinga.

Mazungumzo ya kuufufua mgodi wa Kilembe yamekuja na kwenda kwa miaka mingi, kampuni moja ikapewa mkataba mwaka 2013 na mkataba huo ukavunjwa miaka minne baadaye, na naamini mgodi utafunguliwa siku moja, kwa kuwa shaba na kobalti zinatafutwa sasa kuliko wakati wowote. Sina kinyongo na kufunguliwa kwake. Watu wa Kasese wanataka kazi. Ninachokitaka kiandikwe katika kifungu cha kwanza cha mkataba, kabla ya habari za hisa na mrabaha, ni kwamba marundo ya kando ya Nyamwamba yahamishwe mbali na mto au yafunikwe kwa udongo wa mfinyanzi na kuzungushiwa kuta za mawe ambazo mto hautazivunja, na kwamba kazi hiyo ikaguliwe na ikubaliwe na wakazi wa bonde kabla tani ya kwanza ya mwamba mpya haijatolewa mlimani.